Mkebe Uliooza na Mche wa Kabatini: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mbegu Darasani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi, na karibu zote zinahusu mbegu zilizopandwa darasani: zilizoota, zilizokataa kuota, na zilizoota kwa namna iliyozua ubishi. Nimezifupisha baadhi ya barua hizo, lakini maswali yenyewe nimeyaacha kama yalivyoulizwa.

Kwako Mwalimu. Ninafundisha Sayansi na Teknolojia katika Gredi ya 4 hapa Kisumu. Wiki mbili zilizopita wanafunzi wangu 36 walipanda maharagwe, kila mmoja punje moja, katika mikebe iliyojazwa pamba. Tuliimwagilia maji asubuhi na jioni bila kukosa. Punje 9 tu ndizo zilizoota; nyingine zimekuwa laini kama uji na darasa linanuka. Je, niliuziwa maharagwe mabovu sokoni? Nao watoto 27 ambao mikebe yao ni mitupu niwape alama gani, na wazazi wanatutembelea Ijumaa ya wiki ijayo?

Mwalimu mwenzangu, pole kwa harufu hiyo, ambayo naijua vizuri kuliko ninavyopenda kukiri. Kabla hujamshtaki mama wa sokoni, tazama kwanza sehemu ya chini ya mkebe. Ikiwa haina tundu, basi maji mliyoyamimina mara 2 kwa siku hayakuwa na pa kwenda, yakajaza kila nafasi iliyokuwa na hewa katikati ya nyuzi za pamba. Mbegu kavu haijafa. Inapumua, ila polepole mno. Inapofyonza maji, upumuaji huo hupanda ghafla kwa sababu kiinitete kilichomo kinaanza kuvunjavunja wanga na protini ili kijijengee mzizi, na kazi hiyo inahitaji oksijeni. Oksijeni hupenya majini kwa taabu sana ikilinganishwa na inavyopenya hewani, kwa hiyo punje iliyozama hukosa pumzi, sukari yake huanza kuvuja nje, na bakteria na kuvu hupata karamu. Joto la Kisumu, ambalo lingeyasaidia maharagwe kuota upesi, huwasaidia pia hao wageni.

Kipimo changu ni kidole. Bonyeza pamba: ikitoa matone, imelowa kupita kiasi, ikiacha unyevu kwenye ngozi bila tone kudondoka, inatosha, na siku hiyo usimwagilie hata kama zamu ya mtoto imefika na ameshika kikombe. Toboa mikebe kwa msumari mahali 4 au 5, uiinue juu ya vijiti ili maji yapate njia ya kutoka.

Muuzaji naye hajatoka mashakani moja kwa moja. Maharagwe ya sokoni huuzwa yaende sufuriani, na hakuna aliyekuahidi kwamba yataota. Huenda yamekaa miezi mingi katika gunia lenye joto, au yametobolewa na wadudu, na tundu dogo jeusi kama ncha ya kalamu linatosha kukuonyesha kwamba chakula cha mche kimeliwa kutoka ndani, wakati mwingine pamoja na kiinitete chenyewe. Chagua punje 20 zisizo na tundu wala mikunjo, zikunje ndani ya kitambaa chenye unyevu, ukitie katika mfuko usiofungwa sana, kisha uzihesabu siku ya 5. Zikiota 16, una mbegu ambazo 80 kati ya 100 zina uhai, na hizo si mbaya.

Hapa ndipo ninapotaka kukulaumu kidogo, kwa heshima. Hata kwa mbegu nzuri kama hizo, ukimpa kila mtoto punje moja, watoto 7 hivi kati ya 36 watabaki na mkebe mtupu bila kosa lolote, na wataondoka wakiamini kwamba mikono yao haina baraka. Ukiwapa punje 3 kila mmoja, uwezekano wa zote 3 kukataa ni 1 kati ya 125. Hesabu hiyo wanafunzi wakubwa wanaweza kuifanya wenyewe, nao wa Gredi ya 4 watafurahi tu kuwa na punje za akiba.

Kuhusu alama, mpe kila mtoto alama kwa alichokiona na kukiandika. Aliyeandika kwamba siku ya 4 punje ilivimba, siku ya 6 ganda likapasuka, na siku ya 9 ikatoa ute na harufu ya uvundo, amefanya sayansi sawasawa na mwenye mche wa sentimita 12, na pengine ameifanya zaidi, kwa kuwa yule mwingine aliuona mche akaridhika. Kwa ajili ya wazazi, pandeni upya Jumamosi hii: mikebe 18 yenye matundu na 18 isiyo nayo, maharagwe ya gunia moja, pamba kiasi kilekile, vijiko vya maji idadi ileile, na yote ikae kwenye dirisha moja. Tofauti iwe matundu peke yake. Kwa joto la kwenu, mizizi itaanza kuonekana kufikia Jumanne au Jumatano, na Ijumaa wazazi watasimama mbele ya safu mbili ambazo watoto wao wanaweza kuzieleza.

Usifanye nilichofanya mimi. Nilipokuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya milimani huko Vihiga, maharagwe ya darasa langu yalioza siku 3 kabla ya mkaguzi kufika. Magharibi ile nilikwenda kwenye bustani ya mwalimu mkuu, nikang'oa miche 20, nikaishindilia katika mikebe ya wanafunzi. Asubuhi msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele aliuchunguza mkebe wake kwa muda mrefu, akakwangua shina kwa ukucha, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kwa nini mche wake ulikuwa na udongo mwekundu shinani ilhali tulikuwa tumejaza mikebe udongo mweusi wa mtoni. Mkaguzi alipita bila kugundua neno. Yule msichana hakuniuliza swali lingine muhula mzima.

Mwalimu, mimi ni mzazi hapa Nakuru. Jumapili saa mbili usiku, mwanangu wa Gredi ya 5 aliniambia kwamba kesho yake asubuhi alitakiwa kupeleka shuleni mche wa maharagwe wenye majani 2. Hii miradi ya mtaala wa umilisi ni ya mtoto au ya mama? Je, kuna njia ya kuharakisha mbegu?

Mama, njia hiyo haipo. Nakuru iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,850, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, na usiku wa Julai kwenu joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Maharagwe huchukia baridi ya udongo. Mche unaochomoza Kisumu kwa siku 4 au 5 unaweza kuchukua wiki nzima au zaidi kwenu. Unaweza kuusaidia kwa kuuweka mkebe jikoni karibu na jiko usiku, lakini si kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, kuna jambo linaloonekana ndani ya usiku mmoja ambalo walimu wengi hulipita mbio. Pima gramu 100 za maharagwe makavu kwenye mizani ya duka la jirani, uyaloweke katika maji ya vuguvugu, na asubuhi uyachuje na kuyapima tena. Yatakaribia gramu 200. Kisha mwachie mtoto punje moja iliyolowa. Upande uliopinda kwa ndani ataona kovu jeupe mahali mbegu ilipokuwa imeshikana na ganda la mmea mama, na kando ya kovu hilo kuna kitundu kisichozidi alama ya sindano. Akiibana punje taratibu kati ya vidole viwili, tone dogo la maji litatokea hapohapo. Amenye ngozi, nayo punje itagawanyika vipande viwili vinene, na katikati, kwenye ukingo, atakuta mmea mzima umelala umejikunja: kijimzizi chenye ncha, na vijani viwili vyeupe vyenye mishipa, vidogo kuliko punje ya mchele. Hayo ndiyo majani 2 aliyoagizwa. Na aandike kwenye daftari kwamba mche haujachomoza kwa sababu mbegu imelowekwa jana. Ni kweli, na mwalimu mwenye busara ataikubali.

Kuhusu mradi kuwa wa mama au wa mtoto, nadhani mwalimu anayetaka miche Jumatatu anapaswa kugawa mbegu wiki 2 kabla, tena darasani, mbele ya macho yake. Mradi unaoota nyumbani gizani humfundisha mzazi.

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa Gredi ya 7 Kakamega. Rafiki yangu alisema mbegu ya mahindi ikipandwa kichwa chini, mzizi utatokea juu ya udongo na jani litaingia ardhini. Nilipanda 5 namna hiyo na zote ziliota vizuri. Mzizi unajuaje chini ni wapi?

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya jambo jema: umesikia neno, ukalipima badala ya kulibishia. Katika ncha ya mzizi kuna seli zenye chembe za wanga ambazo ni nzito kuliko majimaji yanayozizunguka, na chembe hizo huzama upande wa chini wa seli kama mchanga unavyotulia kwenye chupa ya maji ya mto. Mzizi ukilazwa ubavu, chembe huanguka kwenye ubavu huo, na homoni ya ukuaji hukusanyika upande wa chini. Katika mzizi, wingi wa homoni hiyo hupunguza kasi ya kurefuka, kwa hiyo upande wa juu hurefuka zaidi na ncha hupinda kuelekea chini. Katika shina homoni ileile huchochea urefu, nalo hupinda kwenda juu.

Mwaka 1806 Mwingereza Thomas Andrew Knight alieleza jaribio lililothibitisha kwamba uzito ndio unaohusika. Alifunga mbegu kwenye gurudumu lililozungushwa kwa kasi na maji ya kijito bustanini mwake. Kwa kuwa zilikuwa zikizunguka daima, mbegu hizo hazikuwa na chini ya kudumu. Nguvu kubwa ziliyoisikia ni ile ya kutupwa nje, kama unavyoisikia ukikaa ukingoni mwa pembea ya kuzunguka. Mizizi yote ilikua kuelekea nje ya gurudumu, na machipukizi yote yakaelekea katikati.

Wewe hufikii gurudumu, lakini bilauri unaipata. Kunja gazeti lililolowa, ulibandike ndani ya bilauri ya kioo, na uweke punje 4 za mahindi kati ya gazeti na kioo: moja ncha ikitazama juu, moja chini, moja kulia, moja kushoto. Mizizi ikifika sentimita 2, chora alama ndogo za wino kwenye mmoja wao kila baada ya milimita 2, kisha laza bilauri ubavu. Kesho yake tazama alama hizo kwa makini. Zile zilizo karibu na mbegu zitabaki jinsi ulivyozichora, na zile za karibu na ncha zitakuwa zimeachana, tena hapo ndipo pindo litakapokuwa. Mzizi haupindi mahali ulipokwisha kukomaa. Niandikie ulichokiona.

Mwalimu, kwetu Bungoma darasa limegawanyika. Tulipanda maharagwe, mikebe 10 tukaiweka dirishani na 10 kabatini. Baada ya siku 12 miche ya kabatini ilikuwa mirefu karibu mara 2 kuliko ya dirishani. Wanafunzi wanasema giza ni bora kuliko mwanga, na rula inawaunga mkono. Nifanyeje?

Kwanza, usiwaambie wamekosea. Wamepima, na vipimo vyao ni sahihi. Kilichopotoka ni kudhani kwamba urefu ndio ukuaji. Waulize wataje kila tofauti nyingine wanayoiona, nao watakutajia: rangi ya manjano, majani yaliyojikunja na kubaki madogo, shina lililopinda shingo kama ndoano, na udhaifu wa kuanguka likiguswa. Mche ulioota gizani huishi kwa akiba iliyo kwenye vile vipande viwili vya mbegu, na akiba hiyo yote huielekeza kwenye urefu, kwa sababu katika hali ya kawaida giza lina maana kwamba bado uko chini ya udongo na mwanga uko juu. Haupotezi nguvu kutengeneza majani mapana wala umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, ambao hauna kazi bila nuru.

Kisha wapeni mizani kazi. Ng'oeni miche yote, ondoeni pamba, iosheni, muianike juani kila kundi peke yake hadi ikauke kabisa na kuvunjika ikikunjwa, halafu mpime. Uzito wa kundi la kabatini utakuwa mdogo hata kuliko wa mbegu kavu mlizoanza nazo, kwa kuwa siku zote hizo miche ilikuwa ikiiunguza akiba yake kwa kupumua, na haikuingiza kitu badala yake ila maji, ambayo mmekwisha kuyakausha. Natumai mlizipima mbegu mlipoanza. Kama sivyo, pimeni punje 10 za gunia lilelile.

Swali litakalofuata ni la kale. Uzito wa ziada wa miche ya dirishani unatoka wapi, kama kwenye pamba hakuna udongo wala samadi? Jan Baptist van Helmont wa Brussels alijiuliza jambo kama hilo. Alipanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji peke yake kwa miaka 5, na mwishoni mti ukawa na uzito wa ratili 169 na ushei, ilhali udongo ulikuwa umepungua wakia 2 hivi tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, alipokuwa ameshafariki, nayo yalisema mti umetokana na maji. Alikuwa ameona nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa ikipita puani mwake, kwani sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mmea hutokana na kabonidayoksaidi iliyo hewani, ambayo majani huichanganya na maji kwa nguvu ya jua katika usanisinuru. Waachieni wanafunzi wabishane kuhusu pamba kwa siku 2 kabla ya kuwatajia hewa.

Mwalimu, sisi tuko Siaya na tuliamua kuacha maharagwe, tukapanda mboga zetu: mrenda na saga. Mbegu za saga tulizivuna wenyewe mwezi uliopita, mpya kabisa, lakini baada ya siku 14 hakuna iliyochomoza. Zile za mwaka jana alizotupa nyanya ya mwanafunzi mmoja zimeota. Inawezekanaje mbegu kuukuu izishinde mpya?

Inawezekana, na nyanya huyo alijua anachokifanya. Mbegu ya saga iliyovunwa karibuni huwa imelala: iko hai, ina maji na joto, lakini haiamki hadi ipite miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Mmea unaodondosha mbegu zake mwishoni mwa mvua una sababu nzuri ya kutotaka zote ziote wiki inayofuata na kukutana na kiangazi. Wekeni mbegu zenu katika karatasi, mahali pakavu, na muzipande kundi dogo kila mwezi mkihesabu zinazoota. Mtapata mchoro mzuri wa jinsi usingizi unavyokwisha. Jambo jingine ni kwamba mbegu za saga huota vyema zaidi gizani, kwa hiyo zifunikwe kwa udongo mwepesi, ingawa kidogo tu, kwa maana ni ndogo na hazina nguvu za kupanda kutoka kina kirefu. Saladi ni kinyume chake: aina nyingi zake hukataa kuota zisipoona mwanga. Kitabu kinachosema kwa ujumla kwamba mbegu haihitaji mwanga kimesema kweli kuhusu maharagwe.

Kwa kuwa mko Siaya, mnao mfano mkali zaidi shambani. Kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalodumaza mahindi na mtama, lina mbegu ndogo kama vumbi zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Maji na joto pekee haviziamshi. Zinangoja kemikali fulani inayotolewa na mizizi ya mahindi au mtama iliyo karibu, kisha ndipo zinapoota na kuishika mizizi hiyo. Watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita wameitumia tabia hiyo katika mbinu ya vuta-sukuma: desmodi, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mistari ya mahindi, hutoa kemikali zinazoiamsha kayongo na kuizuia isishike mizizi, nayo hufa kwa kukosa wa kumnyonya. Msiipeleke kayongo darasani kwa mikebe, tafadhali. Nendeni mkaitazame shambani.

Mbegu za mahindi kutoka duka la agroveti zenye rangi ya waridi zinafaa kwa watoto wa chekechea? (Mzazi, Webuye)

Hazifai. Rangi hiyo ni onyo kwamba zimepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, na mtoto wa umri huo hupeleka kila kitu mdomoni. Tumieni mahindi ya nyumbani yasiyo na dawa, na aliyeshika ya rangi anawe mikono kwa sabuni mara moja.

Shule zinafungwa wiki ijayo na tuna miche 40 ya maharagwe. Tuipeleke wapi? (Mwalimu, Nakuru)

Kila mtoto aende na wake. Maharagwe hayapendi mizizi yake kuguswa, kwa hiyo msiyang'oe kwenye pamba. Zirarueni kingo zake na mwuzike mche pamoja na pamba iliyobaki, jioni, katika udongo uliolowa. Udongo wa Nakuru wenye majivu ya volkeno hupitisha maji upesi, na mche uliozoea dirisha utahitaji kivuli cha tawi kwa siku 3 au 4. Kama kuna kuku nyumbani, tawi liwe na miiba.